Taita Taveta haihitaji jengo la historia, inahitaji karani

Kuna faili la vipimo vya mafuvu ambalo mwanafunzi yeyote wa anthropolojia, awe Tokyo au Texas, anaweza kulipakua bila kulipa senti. Ndani yake wamo Wataita 83: wanaume 33 na wanawake 50. Aliyewapima ni Mmarekani William Howells, mtu aliyezunguka makavazi ya dunia kwa miaka mingi akipima vichwa vya jamii mbalimbali, na "Teita", kama Wazungu walivyozoea kutuandika, ikawa mojawapo ya jamii zake za kulinganishia. Mafuvu yenyewe yako Chuo Kikuu cha Cambridge, na uchunguzi wake wa awali ulichapishwa mwaka 1931. Leo hii mpelelezi wa nchi ya mbali aliyeokota fuvu msituni na kutaka kujua asili yake anaweza kulipambanisha na nyanya zetu wa milimani bila hata kujua milima hiyo iko upande gani wa Kenya.

Shuka sasa hadi Wundanyi, katika kaunti yetu ya Taita Taveta, umtafute mwalimu wa Gredi ya 4. Mtaala wa umilisi unamtaka afundishe Maarifa ya Jamii akianzia kwenye kaunti ya mtoto mwenyewe. Kitabu alicho nacho kimeandikwa kwa ajili ya kaunti 47 kwa mpigo, kwa hiyo hakina la maana juu ya hata moja. Atajaziliza kwa kumbukumbu zake za utotoni, au atawatuma watoto wakawaulize babu zao. Babu wengine wapo. Wengi hawapo.

Kila kukiwa na sherehe ya utamaduni, Mwatate au Voi, hakosi msemaji wa kushika kipaza sauti na kulia kwamba historia yetu inapotea. Huwa napiga makofi kwa adabu, lakini sikubaliani naye. Historia ya Taita Taveta imehifadhiwa, tena imehifadhiwa kwa uangalifu ambao ungetushangaza: imepimwa, imepewa namba, imewekwa kwenye kabati lisilopitisha unyevu. Kasoro ni kwamba walioihifadhi walifanya hivyo kwa mahitaji yao, na walichagua wenyewe kipi kiandikwe na kipi kiachwe.

Chukua mfano ambao kila mtu anaujua, simba wawili wa Tsavo. Mwaka 1898 waliwala wajenzi wa reli kwa miezi kadhaa hadi mhandisi John Patterson alipowaua mwezi Desemba. Ngozi zao alizitandika sakafuni kwake kama mazulia kwa robo karne, kisha mwaka 1924 akaziuza kwa makavazi ya Field, Chicago, kwa dola 5,000. Wamesimamishwa humo kwenye kioo hadi leo. Mwaka 2024 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa nywele zilizonasa kwenye meno yao mabovu, wakatuambia simba hao walikula twiga, choroa, kuro, nyumbu, punda milia, na watu. Kwa hiyo chakula cha simba tunakijua hadi vinasaba. Lakini walioliwa ni nani? Patterson alijigamba kwamba walifika 135. Wanasayansi waliopima mabaki mwaka 2009 walikadiria kama 35. Patterson huyohuyo aliandika kwamba Wahindi 28 walihesabiwa, ila Waafrika hawakuwekewa rekodi yoyote. Tafakari hapo kidogo. Kulikuwa na karani wa vibarua wa kigeni kwa sababu mishahara yao ilipaswa kufungwa na familia zao kuarifiwa. Kwa mtu wa hapa, aliyechukuliwa usiku karibu na kwao, hakukuwa na mtu yeyote aliyelipwa kuandika jina lake.

Nimewataja simba kwa sababu hadithi yao inaonyesha jambo ambalo nitalirudia mpaka nichoshe watu: kinachobaki ni kile kilichokuwa na karani wake.

Mafaili ya utawala wa wilaya nayo yalikuwa na makarani, na yamebaki. Taarifa za kila mwaka za Bwana DC, yaani mkuu wa wilaya, wa Taita, barua kuhusu mipaka, malalamiko ya machifu, kesi za mashamba, zimo katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, lile jengo la zamani la benki pale Moi Avenue, Nairobi. Mtu wa Mgange anayetaka kusoma DC alisema nini juu ya kijiji cha babu yake hupanda basi, hulala Nairobi, hulipia nakala ukurasa kwa ukurasa. Kumbe miaka ya 1960 Chuo Kikuu cha Syracuse, jimbo la New York, kilinunua filamu ndogo (microfilm) za sehemu kubwa ya nyaraka hizo. Mwanafunzi wa huko anazisoma akitoka kunywa kahawa. Taita Taveta ina chuo kikuu chake tangu 2016, lakini ni cha madini na uhandisi zaidi. Simlaumu mtu kwa hilo, vito viko ardhini hapa na lazima pawe na wa kuvichimba kwa akili.

Halafu kuna vita. Tarehe 15 Agosti 1914, siku chache tu baada ya Ulaya kuwaka, Wajerumani waliingia Taveta na kuikalia, na bendera yao ikapepea juu ya ardhi ya Mwingereza. Walijichimbia kwenye kilima cha Salaita. Waingereza nao wakavuta reli kutoka Voi kuelekea Maktau ili wapate kuwafikia, na tarehe 12 Februari 1916 wanajeshi wa Afrika Kusini wakapanda kile kilima na kukimbizwa. Mwezi uliofuata ikawa zamu ya Latema na Reata, na Wajerumani wakarudi nyuma. Haya yote yameandikwa kwa saa na dakika. Makaburi ya Voi, Taveta na Maktau yamefyekwa vizuri, mawe yamepangwa kama meno. Maonyesho ya vita hivyo nayo yapo, ndani ya hoteli ya kitalii.

Lakini jeshi hilo lilikula nini, na risasi zilibebwa na nani? Wabebaji wa mizigo walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa kuhara, njaa na malaria zaidi ya kwa risasi. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, tumelibakisha masokoni, Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, wala wengi wanaokwenda huko kununua mitumba hawajui wananunua juu ya kambi za watu hao. Mwezi Aprili 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kukiri kwamba wafu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ukisoma ripoti hiyo utaona sababu ile ile ya simba wa Tsavo. Maofisa wa wakati ule waliamua kwamba mwenyeji hahitaji jiwe lenye jina. Orodha nyingine hazikuandikwa, nyingine hazikutunzwa.

Sasa nifike Kasigau, kwa sababu huko ndiko jambo hili linakouma.

Kasigau ni mlima unaosimama peke yake upande wa kusini wa kaunti, na vijiji vyake vimeuzunguka: Rukanga, Bungule, Makwasinyi, Jora, Kiteghe. Mwaka 1915 Waingereza waliwatuhumu Wakasigau kwamba waliwasaidia Wajerumani kushambulia kituo chao. Nyumba zikachomwa, na jamii nzima, si vijana peke yao, si wazee wa baraza peke yao, ikaswagwa hadi Malindi. Watu wa mlima wenye umande wakatupwa kwenye joto la pwani. Walikufa wengi. Waliobaki hawakuruhusiwa kuutazama mlima wao tena mpaka katikati ya miaka ya 1930. Piga hesabu mwenyewe: kuna waliozaliwa ugenini, wakalea watoto ugenini, wakarudi nyumbani kwa kuonyeshwa na wengine kwamba hapa ndipo palikuwa kwa baba yako.

Katika historia za vita hivyo nilizowahi kusoma, kisa hiki hupewa aya moja, mbili mwandishi akiwa mwema. Aya hiyo inasema kweli, ila inasema kutoka upande wa aliyetoa amri. Walioswagwa walipita njia gani? Nani alibeba nini? Malindi walikaa mtaa gani, waliolewa na nani, na je, leo kuna familia za Malindi zinazojiita kwa jina la Kikasigau bila kujua maana yake? Mbegu gani zilipotea kwa miaka hiyo ishirini, na zipi walirudi nazo? Mafuvu ya mababu yaliyoachwa kwenye mapango yalibaki na nani wa kuyatazama? Mwingereza hakuandika haya kwa sababu hayakumhusu. Majibu yake yako vijijini, katika vinywa. Mtoto aliyerudi akiwa na umri wa miaka mitano, kama yu hai, amevuka miaka 90. Hata wana wao sasa ni wazee.

Nimewahi kusikia mtu akisema kwamba haya ni mambo ya kale, tusonge mbele. Kwa kaunti nyingine labda. Kwetu historia ni karatasi ya shamba. Karibu asilimia 62 ya ardhi ya kaunti hii iko ndani ya mbuga za Tsavo Mashariki na Magharibi, zilizotangazwa mwaka 1948. Sehemu kubwa ya inayobaki ni mashamba ya mkonge na ranchi. Tuna mgogoro na Makueni kuhusu Mtito Andei, na na Kwale kuhusu Mackinnon Road. Mwaka 1940, serikali ya kikoloni ilipopiga marufuku vyama vya Waafrika vilivyokuwa vikiisumbua, Taita Hills Association ya kina Woresha Mengo ilifutwa siku moja na chama cha Wakikuyu, KCA, na kile cha Wakamba, na kilichowaunganisha wote watatu ni malalamiko juu ya ardhi na mifugo.

Sheria ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016, Wakenya walipewa nafasi ya kupeleka mbele ya Tume ya Kitaifa ya Ardhi madai ya dhuluma za kihistoria zilizotokea kati ya tarehe 15 Juni 1895 na 27 Agosti 2010. Muda wa kupeleka ulikuwa miaka mitano. Mwaka 2021 ukaisha. Jamii iliyokuwa na ramani, barua na ushahidi uliopangwa iliingia na faili mkononi. Isiyokuwa navyo iliingia na wazee watatu na kofia zao. Sisemi mzee si ushahidi, nasema mzee aliyerekodiwa mwaka 1985, akarekodiwa tena 1999, na maneno yakalingana, ni ushahidi mzito kuliko mzee aliyetafutwa wiki moja kabla ya kikao.

Basi tufanye nini? Jibu linalopendwa ni kujenga makavazi. Katiba ya 2010 inairuhusu kaunti. Fungua Jedwali la Nne, sehemu ya majukumu ya kaunti, utakuta maktaba na makavazi katika fungu moja na kamari, mbio, leseni za pombe na video za kukodisha. Sijui waandishi wa katiba walikuwa wanafikiria nini, ila ukitazama ni lipi kati ya hayo limepata maofisa, magari na ada tangu 2013, utaona kwamba pombe haikulala njaa.

Jengo lina faida zake za kisiasa. Lina jiwe la msingi, lina zabuni, lina siku ya kukata utepe, lina picha ya gavana akiwa amevaa shuka. Baada ya hapo linahitaji umeme, mlinzi, dawa ya mchwa na vitu vya kuweka ndani, na hapo ndipo mambo hunyamaza. Nimeingia kwenye vituo vya utamaduni vya vijijini, sitavitaja, nikakuta vibuyu vitatu, kinu, picha ya rais, na mlinzi asiyejua vibuyu vilitoka kwa nani. Jengo bila karani ni stoo.

Ninachopendekeza ni kidogo na kinachosha kukisikiliza: kaunti iajiri mtu mmoja, kwa kazi ya kudumu, si kibarua cha mradi, ambaye kazi yake ni kuandika na kutunza historia ya hapa na kuitoa kwa anayeitaka. Baadaye wawe wanne, mmoja kwa kila kaunti ndogo: Taveta, Voi, Mwatate na Wundanyi. Apewe meza ndani ya maktaba, kompyuta, kinasa sauti kizuri, diski tatu za kuhifadhia zisizokaa nyumba moja, na nauli. Nauli ndiyo watakayosahau kuiweka kwenye bajeti, na bila nauli hakuna kitu.

Kazi yake ni ipi? Jumatatu anakwenda kwa mzee wa Saghala akiwa na barua fupi ya ridhaa inayosomwa kwa sauti kabla ya kubonyeza kitufe: nani anarekodi, sauti itatunzwa wapi, nani ataruhusiwa kuisikia, na sehemu gani mzee anataka zifungwe mpaka afe. Anarekodi kwa lugha ya mzee, si kwa Kiswahili cha kumsaidia karani. Kidawida, Kisaghala, Kikasigau na Kitaveta kila kimoja kina maneno ya mvua, ya mfereji wa maji shambani, ya hasira na ya kuomba ambayo ukiyatafsiri papo hapo umeyapoteza. Mzee akisema kutasa, yaani ile sala ya kutema funda la pombe ya miwa au maji huku ukiitoa hasira moyoni, usimwandikie "kuomba" ukaendelea na safari. Jioni anaandika kwenye daftari: jina, kijiji, ukoo, tarehe, lugha, waliokuwepo, mambo yaliyozungumzwa na dakika yalipozungumzwa. Mstari huo wa mwisho ndio unaotofautisha hifadhi na lundo. Saa arobaini za sauti zisizo na faharasa hazisikilizwi na mtu.

Jumatano yuko Nairobi akiomba nakala za mafaili, au kwenye parokia na makanisa ya zamani akiomba kupiga picha vitabu vya ubatizo. Misheni ya Waanglikana ilifika Saghala mwaka 1883 na Alfred Wray. Vitabu vya namna hiyo vina majina ya wazazi ambayo hakuna DC aliyeyaandika. Na kwa sababu atakuwa akitafuta kwenye maandishi ya wageni, kitu cha kwanza atakachohitaji kutengeneza ni orodha ya majina ya mahali pamoja na namna yote yalivyowahi kuandikwa. Mmisionari Johannes Rebmann alipofika Kasigau mwaka 1847, akiongozwa na Bwana Kheri wa Mombasa, aliandika Kadiaro. Saghala kwenye ramani za kale ni Ndara. Taita ni Teita. Asiyejua hayo atatafuta Kasigau kwenye kumbukumbu za karne ya 19 na kurudi akisema hakuna kitu.

Hapo pia kuna raha ya kazi hii, kwa sababu majina huzua hadithi. Ukipita barabara ya Taveta utaambiwa Salaita linatokana na neno la Kiingereza slaughter, machinjo, kwa damu iliyomwagika pale. Na Maktau ni mark time, amri ya askari kupiga hatua pale pale. Voi nayo inasemekana ilipata jina kutoka kwa Kivoi, mfanyabiashara Mkamba. Kwa Salaita nina shaka kubwa, maana kilima kinachoshambuliwa huwa na jina kabla ya kushambuliwa. Lakini karani mzuri hatupi hadithi hiyo. Ataiandika, aseme imesimuliwa na nani na mwaka gani, kisha aweke pembeni ushahidi unaopingana nayo. Hadithi ya uongo juu ya Salaita inatuambia kweli moja kuhusu watu waliozaliwa kando yake: kwamba wamelelewa wakijua hapo palichinjwa watu.

Wapo wanaopinga, na hoja zao si za kupuuza. Ya kwanza ni kwamba kusambaza ni kuuza. Mapango ya mafuvu yanajulikana, mengine hupelekwa watalii kwa ada ndogo, na si kila ukoo ulioulizwa. Misitu ya fighi, ile iliyolinda mji kwa nguvu ambazo si kila mtu alipaswa kuzijua, haikusudiwi kuwekewa alama kwenye ramani ya simu. Tunalo funzo la jirani zetu Wamijikenda: vigango vyao vya kuwakumbuka wafu viliibwa makaburini kwa miaka mingi vikauzwa Marekani kama sanaa, na kuvirudisha kumechukua miongo. Kavazi la Denver lilirudisha 30 mwaka 2019. Kwa hiyo naikubali hoja nusu. Si kila kilichoandikwa kitangazwe. Pango lenyewe lilikuwa na utaratibu: mwaka mmoja au zaidi baada ya maziko kaburi lilifunuliwa, fuvu likapelekwa mahali pa ukoo likapangwa na ya waliotangulia, na si kila mpita njia aliingia. Hilo lilikuwa daftari lenye mlinzi. Karani naye awe na kabati la wazi na kabati la kufuli, na ufunguo wa pili ukae kwa ukoo wenyewe. Sehemu hii ndiyo nadhani tutakosea mara nyingi, na ni bora tukosee kwa kufunga kuliko kwa kufungua.

Hoja ya pili ni ya nani atasimulia. Wataveta wana kinyongo chao cha haki kwamba mkistari katikati ya Taita na Taveta husomwa kama mlango uliofungwa. Wakasigau na Wasaghala hawapendi kumezwa na Wadawida. Kuna Wakamba, Wasomali, Waswahili, Wahindi wenye maduka ya tangu reli, na familia za vibarua wa mkonge zilizotoka mbali na sasa zina makaburi hapa. Anayetaka kitabu kimoja chenye sauti moja atagombana na wote. Ndiyo sababu nasema faili, sisemi kitabu. Faili hubeba masimulizi mawili yanayopingana kuhusu mpaka mmoja bila kutoka jasho. Kitabu ataandika mwingine, baadaye, akitumia mafaili hayo, na akikosea tutakuwa na pa kumsahihisha.

Kuhusu kusambaza sina mengi, kwa sababu njia zipo tayari. Redio zinazotangaza kwa Kidawida zina wasikilizaji ambao hakuna tovuti itakayowapata. Robo saa kwa wiki ya sauti kutoka kwenye hifadhi, kisha simu za wasikilizaji wa kusahihisha, zingezaa mafaili mapya. Walimu wa Gredi ya 4 wapewe kurasa kumi zilizochapwa, si vitabu vya jalada gumu. Vikundi vya WhatsApp vya kina sisi tulio Mombasa, Nairobi na ughaibuni vimejaa picha za mababu, lakini picha ikishatumwa mara tatu haina tena jina wala mwaka, na ubora wake umeliwa na mtandao. Karani angekuwa na namba moja ya simu ya kupokea picha asilia, kwa sharti dogo kwamba anayetuma aseme ni nani waliosimama na ilipigwa wapi.

Na Cambridge? Wapo watakaosema karani huyu aanze na barua ya kudai mafuvu. Iandikwe, nami nitaisaini. Lakini siku yatakaporudi, Kenya itaulizwa yapokelewe na ukoo upi, na ndani ya lile faili la Howells kuna safu za upana wa paji, urefu wa pua, kina cha taya, safu nyingi mno, na hakuna safu ya jina wala ya pango. Jibu, kama lipo, litatoka kwa mtu wa milimani anayekumbuka kusikia kwamba pango la upande wa babu yake lilifagiliwa na Wazungu. Mtu huyo hajaulizwa.

Mimi ningemtuma karani Kasigau kwanza, wiki ile ile anayopewa barua ya ajira, hata kabla kompyuta haijafika. Daftari na kalamu vinatosha kwa siku za mwanzo. Aanzie Bungule, azunguke mlima hadi Rukanga, na kila nyumba yenye mtu aliyevuka miaka 80 aulize maswali matatu tu: nani wenu alizaliwa Malindi, nani alifia huko, na mlirudi mkipitia wapi.